Bibi anajua beti zote, basi anajifanya?

Bibi anaimba wimbo wa kanisani beti zote, hakosei hata neno, kisha anamgeukia bintiye: "Wewe mtoto wa nani?" Maneno yanaanza: anajifanya huyo, mbona nyimbo hasahau?

Hajifanyi. Ugonjwa wa Alzaima, chanzo kikubwa cha dimensia (kupungua kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri), huanza mapema kuharibu hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza matukio mapya. Nyimbo za tangu utotoni hutegemea pia maeneo mengine, yakiwemo ya kuongoza mwendo wa mwili, ambayo huchelewa kuguswa. Kwa hiyo wimbo si kipimo cha kumbukumbu. Wala, tusidanganyane, si tiba.

Faida ipo hata hivyo. Utafiti wa Ufini uliochapishwa 2014 ulihusu wagonjwa 89 wa dimensia na walezi wao, uliodumu wiki 10. Walioimba walipata nafuu ya kumbukumbu ya muda mfupi, na walezi wao nao wakapata ahueni. Mlezi naye huchoka, jamani, ila nani humuuliza hali? Ndiyo maana vikundi vya kuimba vya Singing for the Brain vya Uingereza huwaketisha pamoja, mgonjwa na mlezi wake.

Nyumbani, chagueni nyimbo za ujana wake. Anzisha mstari, neno la mwisho mwachie yeye.