Gari la Karadha kwa Biashara: Si Kila Malipo ya Mwezi ni Pango

Kila msimu wa kuwasilisha ritani za kodi, magari ambayo kampuni huyachukua kwa mkataba wa malipo ya kila mwezi huzua mivutano ambayo ingeweza kuepukwa. Mfanyabiashara huamini kwamba, kwa kuwa kadi ya gari bado ina jina la kampuni iliyomkodisha, kila shilingi anayolipa ni pango na yote hutolewa kwenye mapato yake. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania haifuati jina lililo kwenye kadi, wala kichwa cha mkataba. Inafuata masharti yaliyomo ndani yake.

Mkataba huhesabiwa kuwa wa karadha, yaani ukodishaji unaochukuliwa kama ununuzi kwa mkopo, iwapo unahamisha umiliki kwa mtumiaji unapomalizika, au unampa haki ya kulinunua gari kwa bei iliyokwisha kupangwa. Vivyo hivyo ikiwa muda wake unazidi asilimia 75 ya uhai wa gari, au ikiwa thamani inayokadiriwa kubaki mwishoni ni chini ya asilimia 20 ya thamani ya mwanzo. Vipo vigezo vingine, na kigezo kimoja kinatosha. Hoja kwamba mkataba umeitwa “wa kukodi” haijibu lolote.

Mkataba ukishakuwa wa karadha, mtumiaji huchukuliwa kuwa amenunua gari kwa mkopo. Malipo yake hugawanywa sehemu mbili, mtaji na riba, na ni riba pekee inayoingia kwenye gharama. Kwa upande wa mtaji hudai punguzo la uchakavu, ambalo kwa magari madogo ni asilimia 37.5 ya salio la kila mwaka. Kwa gari lisilo la kibiashara, gharama inayotambuliwa haizidi shilingi milioni 30. Kwa hiyo kampuni iliyochukua gari la milioni 80 kwa ajili ya mkurugenzi wake itadai mwaka wa kwanza shilingi milioni 11.25, si milioni 30, na milioni 50 zinazobaki hazidaiwi mwaka wowote. Ni vyema hesabu hii ifanywe kabla ya kusaini.

Kuhusu Kodi ya Ongezeko la Thamani, msimamo wa sheria uko wazi na tumeueleza mara nyingi. Kodi iliyolipwa kwenye gari la abiria, vipuri vyake na matengenezo yake hairejeshwi wala haikatwi, isipokuwa kwa anayefanya biashara ya kuuza magari, kuyakodisha au kusafirisha abiria. Kuchora nembo ya kampuni ubavuni mwa gari hakulibadilishi kuwa la usafirishaji.

Mwajiri anayempa mfanyakazi gari hilo kwa matumizi binafsi anapaswa pia kuongeza manufaa hayo kwenye mshahara unaotozwa kodi. Kiwango hutegemea ukubwa wa injini na umri wa gari. Kwa mfano, kwa injini inayozidi cc 1,000 hadi 2,000 ni shilingi 500,000 kwa mwaka ikiwa gari lina umri usiozidi miaka mitano, na 250,000 likizidi umri huo; kwa injini inayozidi cc 3,000 ni shilingi 1,500,000 na 750,000 kwa mpangilio huohuo. Manufaa haya hayahesabiwi pale tu mwajiri asipodai gharama yoyote ya kulimiliki, kulitunza au kuliendesha gari hilo.

Hakikisheni pia kwamba anayewapa karadha ana leseni ya Benki Kuu, kama inavyotakiwa na Sheria ya Karadha ya mwaka 2008.

Mlipakodi asiyeridhika na makadirio ya kodi yake anayo haki ya kuweka pingamizi kwa maandishi, akieleza sababu zake, ndani ya siku 30 tangu alipopokea taarifa ya makadirio hayo. Atatakiwa kulipa kiasi asichokipinga au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa zaidi. Kodi iliyochelewa huendelea kutozwa riba inayolimbikizwa kila mwezi. Pingamizi liambatanishwe na mkataba kamili pamoja na viambatisho vyake, jedwali la mtoa karadha linalotenganisha mtaji na riba, na risiti za EFD (mashine ya kielektroniki ya kutoa risiti za kodi). Kumbukumbu hizi sheria inataka zitunzwe kwa muda usiopungua miaka mitano, na jedwali hilo liombwe siku ya kusaini, kwa maana si kila mtoa karadha hulitoa bila kuombwa.