Bima ya afya mwaloni (mitumbwi inapotia nanga) na visiwani: maswali na majibu

Mimi navua dagaa Ziwa Victoria, sina mshahara. Bima ya afya inanihusu?

Inakuhusu sana. Mtumishi wa umma hukatwa mchango wake kila mwezi kupitia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi mwaka 2001; akiugua anatoa kadi. Wewe unaishi kwa mgao wa dagaa mnaovua. Giza likiingia unapata, mbalamwezi ikitoka mitumbwi inalala ufukweni na mfuko mtupu. Ugonjwa ukikukuta siku hizo unakopa kwa tajiri wako, mwenye mtumbwi, kisha unavua miezi kadhaa kulipa deni la hospitali. Changia wakati wa giza, hela ya dagaa ikiwa bado mkononi.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na ndani yake kuna utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo. Kama kaya yako ni ya hali hiyo, nenda kwa mtendaji wa kijiji ukaulize namna ya kutambuliwa. Usione haya, ni haki yako.

Kadi yangu itanifikisha hospitali ya Bugando, Mwanza?

Inategemea kifurushi. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilipoanza mwaka 2018, kaya ya watu wasiozidi 6 ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, na huduma zake ziliishia hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwa Mwanza ni Sekou Toure. Bugando ni ya kanda, ngazi moja juu. Inauma mtu kulijua hilo akiwa dirishani na mgonjwa begani. Kwa hiyo kabla ya kulipia bima yoyote muulize mwandikishaji: inaishia ngazi gani, vipimo gani havimo, na kadi inaanza kutumika lini? Dai risiti. Ukiugua anzia zahanati, upewe barua ya rufaa. Dharura haisubiri barua.

Mbona wenye kadi visiwani bado wanachelewa kutibiwa?

Kwa sababu bima hailipi nauli. Mgonjwa wa kisiwa cha Ukara anayehitaji kipimo cha Mwanza anavuka kutoka Bwisya hadi Bugolora, kisiwa cha Ukerewe, anapanda gari hadi Nansio, kisha anasubiri chombo cha kwenda mjini. Msindikizaji naye anataka kula na pa kulala. Mkazi wa Nyamagana, pale pale Mwanza mjini, anapanda daladala moja tu. Huo si usawa, hata kama kadi zao zinafanana.

Tazama kichocho cha tumbo, ugonjwa wetu wa ziwani. Kikigundulika mapema, kinatibiwa kwa vidonge vya prazikwanteli vinavyopimwa kwa uzito au urefu wa mgonjwa. Kikiachwa miaka mingi kinaharibu ini, tumbo linajaa maji, na mwisho mtu anatapika damu. Hapo zahanati haimwezi tena, na gharama inavuka uwezo wa kaya. Basi ukiona damu kwenye kinyesi, au tumbo linauma na kuharisha kunajirudia, nenda ukapime. Na kila kaya ya kisiwani iwe na akiba ya nauli ya hospitali, mbali na mchango wa bima.

Nani anatibiwa bure?

Sera ya afya inawasamehe wajawazito, watoto chini ya miaka 5, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wagonjwa wa kifua kikuu na VVU kwa magonjwa hayo. Mzee awe na kitambulisho au barua ya mtendaji. Akikataliwa, aombe kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali hapo hapo, kabla ya kurudi nyumbani. Kinachokera ni kwamba msamaha hauna maana dawa zikiwa zimekwisha na mama akaandikiwa akanunue duka la dawa. Likitokea hilo, peleka taarifa kwenye kamati ya zahanati, ambamo wanakijiji wana wajumbe wao.

Mjamzito akizidiwa usiku?

Piga 115, bure. Ni namba ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Kama uko kisiwani, taja jina la mwalo.