Kufuli kwenye njia panda: kupima kichanganuzi cha myuteksi

Myuteksi ni kufuli la ndani ya programu. Uzi, yaani mfululizo wa maagizo unaoendeshwa sambamba na mingine katika programu hiyo, ukilifunga, mwingine unaolihitaji husubiri hadi lifunguliwe. Bila kufuli hilo, nyuzi mbili zinaweza kusoma salio la 1,000 kwa wakati mmoja, kila uzi ukatoa 600, na zote zikafaulu.

Uchanganuzi tuli ni kuusoma msimbo bila kuuendesha. Kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) ya Clang ina kichanganuzi cha aina hiyo kwa C++, kinachowashwa kwa -Wthread-safety. Hufuata kila njia ya msimbo kikiangalia ni makufuli gani yamefungwa hadi hapo. Ugumu huanza njia inapogawanyika (hapa if ni “ikiwa”, k ni kufuli, na nyingi ni sharti la kweli au si kweli):

if (nyingi) k.lock();
salio = salio - 600;
if (nyingi) k.unlock();

Msomaji haoni tatizo la kufunga na kufungua, kwani sharti la juu ndilo la chini. Kichanganuzi hakibebi sharti hilo. Baada ya if ya kwanza njia mbili zinakutana, moja imeshika kufuli na nyingine mikono mitupu, nacho hutoa onyo kwamba kufuli halijashikwa kwenye kila njia inayofika pale. Si hitilafu: nyaraka za Clang zinasema wazi kuwa ni lazima ijulikane, kila mahali, kama kufuli limeshikwa au la.

Kukipima kichanganuzi, basi, ni kuandika vijisehemu vya msimbo kama hicho na kutamka mapema jibu lake. Katika majaribio ya Clang, mstari unaostahili onyo huwekewa maoni yanayotaja onyo hilo. Likikosekana, au likizuka lisilotajwa, jaribio linaanguka. Tawi moja likifunga na jingine lisifunge, onyo. Ukirudi katikati ya funksheni bila kufungua, onyo. Matawi yote mawili yakifunga, kimya. Vivyo hivyo if (k.try_lock()), yaani kujaribu kufunga bila kusubiri, inayofungua ndani ya tawi lake: hapo kichanganuzi lazima kielewe kwamba kufuli limepatikana upande mmoja tu.

Kwangu majaribio ya kimya ndiyo yenye uzito zaidi. Mwandishi wa programu akisumbuliwa mara tatu na onyo la uongo, ataizima -Wthread-safety, na siku kufuli litakaposahaulika kweli hakutakuwa na wa kumwambia.