Mwenye mali kwanza, ritifaa baadaye

Nahariri ripoti na barua za Kiingereza zinazoandikwa na watu waliokulia kwenye Kiswahili kama mimi. Sarufi yao mara nyingi iko sawa. Kinachowasumbua ni ritifaa, yaani alama hii: '.

Siwalaumu. Kwetu ritifaa hukaa kwenye ng'ombe na ng'ambo, na washairi huitumia kubana mizani: n'takuja badala ya nitakuja. Mali tunaionyesha kwa njia nyingine kabisa: ofisi ya mwalimu, ofisi ya walimu. Kwa Kiingereza mwenye mali ndiye anayetangulia, tena "teachers", "teacher's" na "teachers'" hutamkwa vilevile. Sikio halitakuokoa hapo.

Dawa ninayowapa ni kujiuliza kwa Kiswahili: ofisi ya nani? Ya walimu. Haya, andika "teachers" lote, kisha weka ritifaa. Neno limeshaishia na s ya wingi? Basi umemaliza: teachers' office. Angekuwa mwalimu mmoja, ungeandika "teacher", ukaweka ritifaa, ukaongeza s. Mei Mosi ni Workers' Day kwa sababu wafanyakazi ni wengi. Machi 8 ni Women's Day: "women" ni wingi tayari lakini hauna s, kwa hiyo s inakuja baada ya ritifaa. Majina kama James yana ubishi wake, James's au James'. Yote mawili yanakubalika, ila usichanganye ndani ya ripoti moja.

Halafu kuna "its" na "it's", ambako hata Waingereza wenyewe huteleza. Ritifaa ya "it's" haina habari na mali. Inashika nafasi ya herufi zilizodondoka katika "it is" au "it has". Kwa hiyo soma sentensi kwa kirefu. "The school and it is pupils"? Haiji. Andika its, bila alama, kama zilivyo his, hers, ours na theirs. Karne ya 17 wapo Waingereza walioandika "it's" kwa maana ya mali, lakini usijitetee hivyo mbele ya bosi.

Wingi wa kawaida hauna ritifaa. Tomato's kwenye kibao cha sokoni, photo's kwenye studio, CD's: zote futa. Miaka ni 1980s. Ukiifupisha kuwa ’80s, ritifaa inakaa mbele, pale ilipotoka 19. Hapo iangalie kompyuta yako, maana hupenda kuweka alama ya kufungua nukuu, iliyopinda upande wa pili: ‘80s.

Majina rasmi hayafuati kanuni hizi. Kwenye treni za chini ya ardhi za London, reli ya Piccadilly inatoka Earl's Court na kuingia Barons Court, kituo kinachofuata, bila ritifaa. Maduka ya vitabu ya Waterstones yaliifuta yao mwaka 2012. Jina la watu liandike kama wanavyoliandika wenyewe, hata kalamu nyekundu ikikuwasha.