Je, wajua kwa nini anayejenga reli ya Tabora–Kigoma kwenye kompyuta huanza na ramani ya zamani?

Treni ya kutoka Tabora kwenda Kigoma inaweza kuendeshwa na mtu aliyekaa sebuleni kwake Mwanga mjini Kigoma, mkono kwenye kibodi, breki ikilia kwenye spika. Michezo ya namna hii huitwa simuleta za treni, na baadhi yake, kama Trainz na Open Rails ambayo ni ya bure, humruhusu mchezaji kujenga njia yake mwenyewe: kona, madaraja, stesheni, hata minazi ya Ujiji akitaka. Sasa ukiwaangalia wajenzi wazoefu utashangaa kidogo. Kabla ya kulaza reli hata moja, wanahangaika kutafuta karatasi kuukuu. Marekani kazi hiyo ni nyepesi, kwa sababu idara yao ya jiolojia, USGS, imeweka mtandaoni bure ramani zaidi ya 178,000, za kuanzia 1884. Uingereza wana Maktaba ya Taifa ya Scotland, nayo imejaa ramani za zamani za kupekua bila malipo. Lakini ya nini yote hayo, wakati picha za setilaiti zipo na mtu anaona mpaka bati la nyumba yake?

Picha ya setilaiti inakuonyesha reli imepita wapi. Haikuonyeshi imepanda kiasi gani, na treni haina jambo kubwa kuliko hilo. Chukua treni ya mizigo ya tani 1,000. Ikifika kwenye mpando wa asilimia moja, yaani mita moja juu kwa kila mita mia mbele, kichwa kinapaswa kuongeza nguvu ya kuvuta sawa na uzito wa tani kumi. Ukikosea mpando kwa asilimia moja tu, mchezaji anabaki amekwama porini, au anashuka kuelekea ziwani kama gari lililokatika breki.

Wengi huanza na data za mwinuko zilizopimwa kwa rada mwezi Februari 2000, chombo cha anga Endeavour kilipoizunguka dunia kwa siku 11. Data hizo ni za bure na zinafunika nchi yetu yote. Tatizo ni kwamba vipimo vyake vimepishana kwa takriban mita 30. Tuta la reli yetu ya kati, yenye upana wa mita moja kati ya chuma na chuma, ni jembamba kuliko hapo. Mahali ambapo wajenzi wa Kijerumani walikata kilima ili treni ipite katikati, rada inaona kilima kizima. Walipojaza udongo kuvuka bonde, rada inaona bonde.

Kisha kuna miti. Februari ni katikati ya mvua huku magharibi, na miombo ya Urambo na Kaliua inakuwa imevaa majani. Rada ile haikufika ardhini kila mahali, na penye msitu ilipima sehemu fulani ya miti badala ya udongo. Matokeo yake, ardhi ndani ya kompyuta inapanda ghafla unapoingia msituni na kushuka unapofika shambani, wakati kwa miguu yako mwenyewe ungeona ni tambarare. Kwenye mbuga za mafuriko za mto Malagarasi hali ni ya kuchekesha zaidi. Pale ardhi ni bapa kiasi kwamba makosa ya mita mbili tatu ya rada yanageuka kuwa vilima, na treni inapita ikiruka-ruka kama iko baharini.

Ramani ya topografia inakwepa mengi ya haya. Ramani za Tanzania za kipimo cha 1:50,000 nyingi zilichorwa kwa msaada wa idara ya upimaji ya Uingereza iliyoanzishwa 1946 kwa ajili ya makoloni, na kazi iliendelea hata baada ya uhuru. Ndege ilipiga picha zinazoingiliana, mchoraji akazitazama mbili kwa pamoja kwenye mashine hadi ardhi ikainuka machoni pake, kisha akafuata mwinuko mmoja mmoja na kuuchora kama mstari wa kahawia. Hizo ndizo kontua. Mchoraji alikuwa mtu, aliujua mti na aliujua udongo, na reli aliichora akijua ni reli: vialama vya tuta, vya mahali palipochimbwa, daraja, stesheni na jina lake. Na mbugani pale Malagarasi aliacha karatasi bila kontua, akaweka alama za kinamasi tu. Kwa mjenzi wa simuleta, uwazi ule ni taarifa tosha: hapa laza reli bapa, usiisikilize rada.

Kupata mpando kutoka kwenye karatasi hakuhitaji zaidi ya rula. Tuseme ramani yako ina kontua za kila futi 50, kama zilivyo nyingi za enzi hizo, na futi 50 ni kama mita 15. Tafuta reli inapokata kontua moja na inapokata inayofuata, pima katikati kwa kufuata kona za reli. Ukipata sentimita 3, kwa kipimo cha 1:50,000 hizo ni kilomita moja na nusu. Mita 15 kwa mita 1,500 ni asilimia moja. Ukienda hivyo kontua kwa kontua utaona kwa nini wastani ni mwongo: Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na ziwa liko chini kidogo ya mita 780, kwa hiyo katika safari ya zaidi ya kilomita 400 unashuka kama mita moja tu kwa kila kilomita. Anayejenga kwa wastani huo atalaza njia inayoteleza taratibu mpaka bandarini. Reli halisi hupanda, hushuka, hutulia kwenye stesheni, na ndiyo raha ya kuiendesha.

Karatasi nayo ina mitego yake, na mkubwa hauonekani kwa macho. Ramani hizo zilipimwa kwa mfumo wa kuhesabu mahali uitwao Arc 1960, wakati setilaiti na simu yako zinatumia mwingine, WGS84. Ukisoma viwianishi, yaani namba za kuonyesha mahali, pembeni mwa ramani na kuviingiza kwenye programu bila kuiambia ni vya mfumo upi, stesheni ya Uvinza itaangukia karibu mita 300 kutoka mahali pake. Wapo wanaodhani ramani ndiyo mbovu, wakaitupa. Programu ya bure ya ramani kama QGIS inalimaliza jambo hilo kwa kuchagua mfumo sahihi, kisha unabana kwenye viwianishi vyake pembe nne za karatasi na makutano machache ya mistari ya gridi (ile miraba iliyochorwa juu ya ramani) katikati, maana karatasi iliyokunjwa miaka mingi na kupigwa skani huvutika.

Kwa njia hii mahususi kuna kingine. Dunia imegawanywa kanda za kupimia, na mpaka wa ukanda wa 35 na wa 36 ni longitudo ya nyuzi 30 mashariki, ambayo reli inaivuka baina ya Uvinza na Kigoma. Ukitoka Uvinza kwenda magharibi, namba za gridi, zinazohesabiwa kwa mita, zinapungua hadi karibu 167,000, halafu karatasi inayofuata inaanza na 833,000. Ukiunganisha karatasi hizo mbili bila kuzileta kwenye ukanda mmoja, Kigoma inahamia mamia ya kilomita kutoka kwenye ziwa lake. Na karatasi zenyewe si chache, kwani kila moja inafunika robo ya nyuzi, yaani kilomita 27 na ushei, hivyo Tabora hadi Kigoma ni zisizopungua 14.

Linabaki suala la mwaka, ambalo ningeshauri liamuliwe kwanza kabisa. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ramani za Kijerumani za 1:300,000, zilizochapwa Berlin na wachoraji ramani Sprigade na Moisel, ni nzuri kuzitazama, lakini mstari wa nusu milimita pale ni mita 150 ardhini; zitumie kwa majina na njia za misafara, si kwa kulaza reli. Anayejenga Tabora ya 1914 asiweke njia panda ya Mwanza, tawi lile lilikamilika 1928, wala tawi la Kaliua kwenda Mpanda, ambalo ni la baada ya Vita vya Pili. Anayejenga ya leo atakuta picha mpya za setilaiti zimeanza kuchanganya reli ya zamani na matuta ya SGR, reli mpya ya kisasa, ambayo mkataba wake wa Tabora–Kigoma ulisainiwa Desemba 2022. Hata ufukwe wa Kigoma hautulii: maji ya Tanganyika yamepanda sana tangu karibu 2020 na kumeza sehemu zilizokuwa nchi kavu kwenye ramani.

Kwa hiyo tazama ukingo wa chini wa karatasi. Huwa kuna miaka miwili, wa kuchapwa na wa picha za ndege, na kati yake inaweza kupita miaka mingi. Wa picha za ndege ndio wa kufuata.