TIN si kodi jamani
Hapa Kampala utasikia wenye vibanda wakisema usichukue TIN, yaani namba ya mlipakodi, ukishachukua tu URA, wale wa mamlaka ya mapato, wanaanza kukukamua. Hii stori ya siku nyingi lakini si kweli, TIN ni namba tu na ni ya bure. Kodi ya biashara ndogo inaangalia mauzo, na kwa viwango vilivyorekebishwa 2020 ukiuza chini ya shilingi milioni 10 kwa mwaka hiyo kodi ni sifuri. Sasa tuseme umeuza milioni 20, kama huna rekodi unalipa 80,000, ila ukiwa na daftari unalipa asilimia 0.4 ya kile kilichozidi milioni 10, yaani 40,000, nusu kabisa! Leseni ya biashara nayo ni kitu kingine, ya KCCA, yaani mamlaka ya jiji la Kampala, au manispaa yako.