Jiko la kusini: makosa yangu ya kupanga nyumba Lamu

Nimewachorea watu ramani na kusimamia ujenzi zaidi ya miaka ishirini, Amu (Lamu) mjini na Shela, lakini nyumba niliyoikosea kuliko zote ni yangu mwenyewe, hii ya Wiyoni. Jiko nililiweka pembe ya kusini-mashariki. Sababu? Lango liko huko, nikaona gunia la mkaa litaingia bila kukatiza ukumbi. Basi. Nilihamia kaskazi ikivuma, upepo unatoka upande mwingine, kila kitu kikaonekana sawa.

Ilipoingia kusi, upepo wa upande ule ule wa jiko, kila samaki aliyetiwa kikaangoni alifika sebuleni kabla ya sahani yake. Mapazia, mito ya makochi, hata kanzu zangu za Ijumaa, vyote vikanuka nguru. Na kusi si mgeni wa siku mbili. Ikishaanza Aprili, ni mpaka Septemba au zaidi. Mwaka wa kwanza mke wangu alinyamaza. Mwaka wa pili akaniuliza mbele ya wageni, "Baba Salma, na hao watu wako wawajengea hivi hivi?"

Sikuwa na jibu. Kwa wateja ningeanza na upepo. Kusi yatujia kutoka kusini-mashariki, kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo misimu yote miwili hewa nzuri yatoka upande wa mashariki. Magharibi ndiko linakochomea jua la alasiri, na kwa kuwa tuko nyuzi mbili tu kusini ya ikweta, jua hilo halina msimu wa huruma. Ukilijua hilo, nusu ya ramani imejichora: vyumba vya kulala na sebule mashariki, choo, stoo, ngazi na jiko magharibi, viwe ngao ya joto, na harufu ya jiko itoke moja kwa moja. Halafu kila chumba kipewe mahali pa upepo kutokea, hata kama ni tundu dogo juu ya mlango. Dirisha kubwa lisilo na mwenzake ni picha tu ya ukutani.

Wazee walilimaliza suala hili zamani. Kwenye nyumba za mawe za Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu, jiko lilipandishwa juu kabisa, kidari cha meko, moshi ukaenda zake mbinguni.

Walimaliza na suala la mlango. Kutoka njiani unaingia daka, kibaraza cha mlangoni chenye baraza mbili za kukalia, kisha tekani, ukumbi mdogo wa ndani ya mlango, kisha unakata kona ndipo ukione kiwanda, yaani ua wa ndani. Mgeni anakaa, anazungumza, anapewa kahawa, na wa ndani wanaendelea na shughuli zao. Kijana mmoja alinijia na picha kwenye simu: mlango, sebule, meza ya chakula na jiko, vyote ukumbi mmoja. Nilimwambia atajuta. Akasema, "Fundi, mambo ya kisasa." Nikamjengea, hela zake. Nilipopita mwaka uliofuata nilikuta pazia zito limekatiza ukumbi kutoka ukuta hadi ukuta, na nyuma yake kabati limesukumwa kuzuia macho. Amejenga tekani ya kitambaa.

Sasa nije kwenye kosa linaloniuma zaidi. Nyumba ya mamangu ni ya kale, kuta za mawe ya matumbawe, unene unakaribia nusu mita. Chokaa ya ndani ilikuwa inadondoka unga, nami kwa kiburi cha ujana nikaikwangua nikapiga plasta ya simiti na rangi ya kung'aa. Ilipendeza miezi minane hivi. Kisha rangi ikafura malengelenge, chini ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kukatoka chumvi nyeupe kama ya mezani, na ukigonga kwa kifundo cha kidole unasikia mlio mtupu. Mamangu aliweka kiganja ukutani, akakitazama kilivyolowa. "Mwanangu, nyumba hii ina homa?"

Jiwe la matumbawe hunyonya maji kutoka ardhini, na chokaa huyaacha yatoke taratibu. Simiti huyafungia. Maji yakikosa njia yanapanda juu zaidi, mpaka kwenye vichwa vya boriti vilivyolala ndani ya ukuta, na boriti ikioza, dari inakufuata. Nilibandua yote kwa patasi na kurudia chokaa, gharama mara mbili. (Mji wa kale umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na nyumba hizi haziguswi ovyo. Mimi nilijificha ndani. Leo naona aibu kuandika haya.)

Kwenye nyumba mpya ugonjwa ni ule ule wa chumvi, ila unashika chuma. Watu hulalamika kwamba vyumba vya kale ni vyembamba. Ni kweli, urefu wa boriti ya mkoko ndio ulioamua, mita mbili na nusu hadi tatu, basi. Siku hizi kwa slabu unaweza kuwa na ukumbi wa mita sita, lakini upana unadai nondo nyingi, na nondo ndiyo inayokufa hapa. Mchanga wa ufuoni ni marufuku kwenye kazi yangu, hata bure. Biskuti, vile vipande vya kuinua nondo kutoka kwenye mbao, naziweka milimita 40, na nazihesabu mwenyewe kabla konkriti haijamwagwa. Fundi akiniambia "hamna neno, bosi," nahesabu mara ya pili.

Pesa zikiwa chache, na huwa chache, kwa sababu kila mfuko wa simiti umevuka kwa chombo, ukashushwa gatini na ukamaliza safari mgongoni mwa punda, mimi huzika za kwanza ardhini. Jabia, tangi la kuhifadhi maji ya mvua, kabla ya msingi, maana baadaye hutapata pa kuichimba. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 80 za mraba likipata mvua ya milimita 50 ni lita 4,000, toa kidogo za kuoshea paa. Mvua kama hiyo mwezi wa Mei si ajabu. Shimo la choo liwe mbali na jabia na kisima, chako na cha jirani pia. Kisha paa. Vigae, dari ya jipsamu na geti la maua vinaweza kusubiri miaka kumi, nami nimeona vikisubiri na watu wakilala vizuri.

Jiko langu nimelihamishia magharibi mwaka wa tano. Lile la zamani limekuwa chumba cha wageni, nimelipaka chokaa mara tatu, na bado kila kusi mgeni huamka asubuhi akauliza leo tunakaanga nini.